Fungate Baada ya Harusi ya Dar: Unguja, Lushoto au Mikumi?

Kamati ya harusi inaweza kukaa miezi minne ikijadili ukumbi, mpishi, mapambo, mshereheshaji, gari la maharusi na nani atazungumza kwa niaba ya ukoo. Suala la fungate huibuka wiki ya mwisho, tena kwa swali la haraka: "Na nyie mnaenda wapi?" Bwana harusi anajibu "Zanzibar" kwa sababu ndilo jina la kwanza kumjia mdomoni, na mjadala unaishia hapo. Unguja ni kuzuri, sina ubishi. Ila wapo maharusi ambao wangefaidi zaidi baridi ya Lushoto au tembo wa Mikumi, na hakuna aliyewakalisha chini wakapima.

Ulinganisho huu ni wa wanaofunga ndoa Dar es Salaam au karibu na Dar, wana siku nne hadi saba, na pesa yao ina mwisho. Mafia na Pemba nimeziacha kwa makusudi. Zote mbili zinapendeza, na Mafia ina papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi, lakini zinataka siku nyingi na subira ya usafiri ambayo watu waliotoka ukumbini jana yake huwa hawana.

Msingi wangu ni mmoja: chagueni mahali kwa kuangalia mtakuwa katika hali gani asubuhi ya Jumapili, kabla ya kuangalia picha za mtandaoni. Ifikirieni Jumamosi yenyewe. Bibi harusi yuko saluni tangu alfajiri. Mchana ni ibada, kisha picha ufukweni au bustanini juani. Usiku ni kusimama kwenye viatu virefu huku makundi yakiingia na zawadi kwa kucheza: wafanyakazi wenzake, wanakwaya, majirani wa mtaa, upande wa mjomba, na kila kundi linataka wimbo wake umalizike. Halafu nasaha za wazazi, halafu neno la shukrani ambalo bwana harusi alilitunga garini. Mnaingia chumbani saa nane usiku. Saa mbili asubuhi simu zinaanza: zawadi ziko kwa nani, mpishi anadai salio, shangazi wa mkoani hajapata nauli ya kurudi. Watu wa namna hiyo hawahitaji sehemu nzuri tu. Wanahitaji sehemu inayofikika kwa nguvu walizobakiwa nazo.

Kwa hiyo nitapima kila mahali kwa mambo matano: kufika, pesa, mwezi wa harusi, faragha pamoja na adabu za mahali, na kile ambacho watu wawili wanaweza kukifanya pamoja.

Kufika

Unguja kunawapendelea waliochoka. Boti ya mwendo kasi kutoka bandari ya Dar hutumia takriban saa mbili, na ndege ndogo ni dakika ishirini hivi angani. Mnaweza kulala hadi saa nne Jumapili, mkapanda boti ya mchana na jua likatua mkiwa kisiwani. Msisahau vitambulisho. Mkiwa na safari kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi huichafua bahari, na mtu ambaye hajalala vizuri hutapika upesi. Mezeni dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, na kaeni sehemu ya chini, katikati ya boti. Kumbukeni pia kwamba kushuka Malindi si kufika. Nungwi au Paje ni mwendo wa gari wa kilomita kati ya 50 na 60 kutoka mjini, kwa hiyo gari la kuwapokea lipangwe mapema na bei yake ijulikane.

Mikumi kumekuwa karibu zaidi tangu 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro. Hadi Morogoro ni safari ya chini ya saa mbili mkiwa mmeegemea viti, kisha takriban kilomita 100 za barabara ya Iringa. Mkienda kwa gari lenu, jumla ni karibu kilomita 280, na swali la kuulizana ni nani atashika usukani. Bwana harusi ambaye hajalala siku mbili asiendeshe barabara ile yenye malori. Atafutwe dereva, au safirini Jumatatu.

Lushoto ndiko mbali, na ni vyema kukubali hivyo tangu mwanzo. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, kisha mnaiacha barabara kuu na kupanda kilomita 30 na ushei za kona kupitia Soni. Ni safari ya mchana mzima kwa basi, na kwa gari binafsi haipungui sana. Kwa harusi ya Jumamosi ya Dar, kuondoka Jumapili ni kujiumiza. Pumzikeni siku moja nzima, ondokeni Jumatatu alfajiri. Kwa waliofunga ndoa Tanga, Moshi au Korogwe mambo yanageuka kabisa: Lushoto ndio jirani, na Unguja ndiyo safari ndefu.

Pesa

Kabla ya kulinganisha bei, kuna jambo la kukamilisha. Pesa ya fungate isikae kwenye akaunti ya kamati. Michango ya kamati ni ya shughuli, na shughuli haishibi. Wiki ya mwisho kuna ahadi ambazo hazijalipwa na mtu wa mapambo anayetaka kumaliziwa. Kila senti inayoonekana itavutwa. Fungueni akaunti yenu wawili, lipieni malazi na usafiri angalau mwezi mmoja kabla, na risiti zikae kwenu. Mkifika kwenye kikao mkisema fungate imeshalipiwa, hakuna mhazini atakayeigusa.

Unguja kuna bei za kila tabaka. Nyumba ya wageni ya kawaida Jambiani na hoteli kubwa ya Kendwa ni dunia mbili tofauti, na kati yake kuna kila kitu. Hilo ni faida, lakini ndipo pia watu hupotea, kwa sababu bei ya chumba ni mwanzo tu: teksi za kuzunguka, boti ya kwenda kuona samaki karibu na Mnemba, chakula cha jioni ufukweni. Ulizeni mambo mawili kila mnapopiga simu. La kwanza, bei ya mkazi, maana hoteli nyingi zinayo na haziitangazi sana. La pili, wanawafanyia nini maharusi. Baadhi hutoa punguzo, chumba bora au chakula cha jioni cha wawili, kwa sharti la kuona nakala ya cheti cha ndoa. Kipigeni picha siku hiyohiyo mnapokipokea. Kwa ndugu zetu wanaorudi na pasipoti za nje, kuanzia 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya Tanzania hutakiwa kukata bima ya lazima ya dola 44, kwa hiyo iingizeni kwenye hesabu.

Mikumi gharama zinakuja kwa mkupuo. Kuna kiingilio cha kila mtu, kuna gari na dereva wa kuzunguka hifadhini, na kuna malazi, ambayo ndani ya hifadhi ni ghali kuliko ya mji mdogo wa Mikumi ulio nje yake. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukikilinganisha na cha mgeni, na hulipwa kwa shilingi. Msitegemee fedha taslimu getini. Malipo hupita kwenye mfumo, kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo anayelala ndani akiingia saa nane mchana na kutoka saa nane kesho yake amepata jioni moja na alfajiri moja kwa malipo ya siku moja. Hizo ndizo nyakati ambazo wanyama huonekana vizuri. Siku mbili au tatu zinatosha. Ya nne inaongeza gharama kuliko inavyoongeza raha.

Lushoto ndiko nafuu kwa siku. Nauli ikishalipwa, kilichobaki ni chumba, chakula na posho ya mwongozaji, na hata malazi mazuri ya huko ni rahisi ukilinganisha na ya pwani. Wenye bajeti finyu wanaweza kukaa siku sita Lushoto kwa pesa inayoisha siku mbili kwenye hoteli ya ufukweni. Mimi nakupenda kwa sababu hiyo pia: fungate haikatwi kabla ya watu kupumzika.

Mwezi wa harusi yenu

Hapa ndipo kalenda za dini na kalenda ya mvua hukutana, na wengi hawalioni hilo hadi wameshalipa. Wakristo wengi hawafanyi sherehe wakati wa Kwaresma, na Waislamu hawafanyi Ramadhani. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Pasaka ikawa Aprili 20. Katika miaka kama hiyo harusi zilizosubiri pande zote mbili humwagika pamoja Aprili na Mei. Hiyo ni masika yenyewe.

Unguja wakati wa masika bei hushuka, na baadhi ya hoteli hufunga kwa matengenezo. Mkipata iliyo wazi mtakaa karibu peke yenu, na mvua ya pwani mara nyingi hunyesha kwa vipindi kisha jua likatoka. Kwa wanaotaka chumba, usingizi na sauti ya mvua kwenye makuti, ni biashara nzuri. Kwa wanaotaka picha za maji ya samawati, wasubiri Juni. Mwishoni mwa Desemba hali ya hewa ni safi lakini bei hupanda kuliko wakati wowote, na vyumba huisha mapema.

Lushoto uko mwinuko wa mita 1,400 hivi. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli: sweta, soksi, na jioni mnakaa karibu na moto. Wapo wanaoiona hiyo ndiyo fungate yenyewe. Masika ukungu hukaa hadi mchana, njia za milimani hutereza na kingo za barabara huweza kuporomoka, kwa hiyo Aprili si mwezi wake. Kuanzia Septemba hadi Februari ni kuzuri, na mwisho wa mwaka masoko hujaa plamu na pichi.

Mikumi hupendeza zaidi Juni hadi Oktoba. Nyasi zimekauka na kupungua, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama hukusanyika huko. Mvua zikija, nyasi hurefuka, udongo mweusi unakuwa tope na gari lisilo na nguvu magurudumu yote hukwama. Uoto unapendeza na ndege ni wengi, lakini simba mtawatafuta sana.

Faragha na adabu za mahali

Unguja ni kisiwa chenye wageni wengi, na ufukwe ni wa wote. Nungwi na Kendwa kuna muziki na pilikapilika. Vijana wa ufukweni, papasi, watawafuata wakiuza safari za boti, na jibu la upole lililo wazi mara moja linatosha. Jambiani na Bwejuu kumetulia zaidi. Nguo za kuogelea ni za ufukweni na hotelini. Mkipita kijijini au Mji Mkongwe funikeni mabega na magoti, maana mnapita mbele ya nyumba za watu na misikiti yao. Mkienda Ramadhani, msile wala kunywa njiani mchana. Hoteli za ufukweni huendelea kuwahudumia wageni.

Lushoto watu watawasalimia, kila mtu, na inafaa kuitikia kwa kusimama kidogo. Usiku unaanza mapema na hakuna la kufanya baada ya saa tatu isipokuwa kuzungumza ninyi wawili. Baadhi ya nyumba za wageni ni za kanisa: safi, salama, bei nzuri, lakini pombe haiuzwi na geti hufungwa mapema. Ulizeni kabla.

Mikumi faragha ina umbo lake. Usiku kambini mko kimya, na askari huwasindikiza kutoka mezani hadi kwenye hema kwa sababu nyati na tembo hupita. Mchana, hata hivyo, mko watatu: ninyi na dereva. Wengine haliwasumbui hata kidogo. Wengine, hasa siku za kwanza, wangependa wawe wawili tu.

Cha kufanya

Kwa Unguja, jambo la kwanza kulijua ni maji kupwa na kujaa. Pwani ya mashariki, Paje hadi Jambiani, maji yakipwa huondoka mbali hadi ufukwe unakuwa uwanja mweupe; hamuogelei saa hizo. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, huondoka mbali zaidi. Nungwi na Kendwa mnaweza kuogelea karibu saa zote. Lakini kupwa kuna uzuri wake. Vaeni viatu vyepesi, tembeeni hadi kwenye vijiti ambako akina mama hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, wameinama migongo ikiwa juani, kazi iliyoanza kibiashara maeneo hayo 1989. Salimieni, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Njiani kuna msitu wa Jozani wenye kima punju, na siku ya mwisho laleni Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, ili boti ya asubuhi isiwatese.

Lushoto ni kutembea. Kutoka mjini hadi Irente mnapita mashamba ya kabichi na karoti yaliyopangwa mteremkoni, halafu ghafla mlima unakatika na nyika ya Mazinde iko chini yenu, barabara kuu ikionekana kama uzi. Karibu na hapo kuna shamba linalouza mkate, jibini na jamu zinazotengenezwa papo hapo. Chakula cha mchana cha wawili ni hicho. Hifadhi ya Magamba ina mbega na miti mikubwa, na inafaa kwenda na mwongozaji. Misitu ya Usambara ndiyo asili ya ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara hadi leo na ambalo hukaa madirishani kote Ulaya; mwambieni mwongozaji awaonyeshe ndugu zake porini. Asiyependa kupanda milima, hata hivyo, siku ya tatu atakuwa amechoka kukaa.

Mikumi ni uwanda wa Mkata: twiga, pundamilia, nyumbu, nyati, tembo, viboko kwenye mabwawa, na simba kwa bahati. Ratiba inawataka muamke kabla jua halijachomoza. Kwa watu waliotoka kwenye harusi, alfajiri ya kwanza ni mtihani, kwa hiyo siku ya kufika mlale mapema. Mkiwa na nguvu baada ya hapo, Udzungwa haiko mbali, na maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170.

Kwa hali yenu

Mkiwa na siku nne na lazima muanze Jumapili, Unguja ndiko kunakofikika bila kuwavunja. Chagueni sehemu moja tu, kaskazini kwa wanaopenda kuogelea na watu, mashariki kwa wanaotaka utulivu, na msihamehame.

Mkiwa na siku sita au saba na bajeti iliyobanwa na harusi, Lushoto kutawapa siku nyingi zaidi kwa pesa hiyohiyo. Kunawafaa hasa wanaopenda kuzungumza na kutembea, na waliochoshwa na joto la Dar. Harusi ikiwa Aprili au Mei, sogezeni safari hadi Juni. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Msizimalize zote kwenye maandalizi, bakizeni kumi.

Mkiwa watu wa kuchangamka ambao kulala kitini siku nzima kunawachosha, Mikumi kunawafaa, kati ya Juni na Oktoba. Kunawafaa pia ambao mmoja wao hajawahi kuona tembo porini na amelitaka hilo tangu shule.

Mmoja akitaka bahari na mwingine wanyama, msigawane siku mbilimbili mkatumia fungate yote barabarani. Tazameni Saadani, hifadhi ya taifa yenye ufukwe wa Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Bagamoyo. Wanyama wake si wengi kama wa Mikumi, lakini mnapata vyote viwili bila kuhama chumba.

Ikiwa familia yenu ya pwani bado inatunza fungate ya siku saba ndani, na somo, mama anayemfunda bibi harusi, analeta chakula na kumhudumia, ilindeni hiyo kwanza na muipange safari baada yake. Hapo mnaweza kwenda popote, maana uchovu wa harusi umeshatoka mwilini.

Mkishachagua, ulizeni tarehe ya kuvunja kamati kabla hamjalipa. Kwa kawaida huwekwa wiki moja au mbili baada ya harusi, na waliokesha kwa ajili yenu watapenda kuwaona mkiwa hapo, mkitoa neno la shukrani kwa utulivu kuliko lile la ukumbini. Mwambieni mwenyekiti mapema siku mnayorudi, aipange jioni hiyo baada yake.